Trilia Yenye Majani Manne

Kila Jumamosi ya pili ya Mei, kabla sherehe ya machipuo haijafunguliwa katika Bustani ya Kesling, Bi Verna Lubinski hupanda jukwaa la muziki akiwa na sepeto mkononi, na sisi wote tuliofika tunasema kiapo tukimfuatisha. Ni maneno machache aliyoyatunga mwenyewe, miaka mingi kabla sijamfahamu. Nitatazama. Nitanusa. Nitaacha kila mzizi mahali nilipoukuta. Watoto hulipenda sana neno "nitanusa" na hulisema kwa pua zilizokunjwa, halafu kengele hupigwa na watu wakatawanyika, wengine kwenye bwawa kuvua samaki, wengine kwenye meza ya miche, wengine kwa Dewey Stroik na soseji zake. Mwaka huu nilisimama pale pale ninaposimama siku zote, chini ya jukwaa upande wa kushoto, na mdomo wangu haukufunguka.

Nilifika Kesling nikiwa na miaka kumi na saba. Shule yetu ilitaka kila mwanafunzi ajitolee saa arobaini mahali fulani jijini Milwaukee, nami nikachagua bustani kwa sababu nilidhani sitalazimika kuongea na mtu. Bi Verna alikuwa ndiyo kwanza amestaafu ualimu wa sayansi. Alinipa glavu, akanionyesha magugu yanayonuka kitunguu saumu, tukayang'oa mchana kutwa bila yeye kuniuliza lolote. Jioni alisema, "Unang'oa vizuri. Hukati shina." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimepapenda.

Katika mwezi wangu wa pili pale nilimletea mbegu. Bibi yangu Ottilie alikuwa na msitu mdogo kaskazini, ekari chache za miti mirefu nyuma ya nyumba yake, na kila Mei chini ya miti hiyo trilia zilichanua kwa wingi hivi kwamba ukitazama kutoka dirishani ungedhani theluji imesahauliwa. Ni ua jeupe lenye petali tatu, linakaa juu ya majani matatu, shina moja tu. Julai, mbegu zake zilipoiva, Bibi alinijazia mbegu hizo kwenye mfuko wa mkate, pamoja na kitambaa chenye unyevu. Bi Verna alichungulia ndani ya mfuko.

"Unajua ukizipanda leo utaona ua lini?" aliniuliza.

Nilisema labda mwaka ujao.

"Miaka saba," akasema. "Kwanza mzizi peke yake, chini kwa chini, huoni kitu. Kisha jani moja. Linakaa jani moja mpaka unalichukia. Kisha matatu. Ndipo ua. Watu wengi wanachoka njiani."

Tulizipanda kwenye korongo lililo nyuma ya bwawa, kwenye mteremko unaotazama kaskazini, ambako ni wachache tu waliokuwa wakienda. Kila safu tuliiwekea vijiti kadhaa vya aiskrimu, na Bi Verna akaandika mwaka kwenye kila kimoja kwa penseli, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Penseli haifutwi na mvua, alinifundisha. Wino hufutwa.

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Niliendelea kwenda kwenye msitu wake kila Julai kuokota mbegu, miaka mitatu zaidi, mpaka mjomba wangu alipouuza na miti ikakatwa. Niliona picha tu. Bi Verna ndiye aliyekuwa pembeni yangu nilipoiona hiyo picha, kwenye banda la vifaa, siku ya Jumanne. Jumanne ilikuwa siku yetu ya kusafisha mbegu: meza moja, taa moja, machungio mawili, chai yake ya tangawizi ndani ya chupa. Alinishika mkono akasema, "Basi sasa msitu wa bibi yako uko kwetu." Sikumjibu, kwa sababu nikiwa na jambo kubwa kifuani huwa sina maneno, lakini tangu siku hiyo korongo lile nililiita msitu wa Bibi, na yeye pia akaliita hivyo.

Nilikwenda chuo, nikasoma mimea, nikarudi, nikapata kazi ndogo kwenye maabara ya udongo. Jumanne zetu hazikukatika. Safu ya kwanza ilipotoa majani matatu, mmea mmoja ulitoa manne. Bi Verna aliinama akautazama, akacheka mpaka akashika goti lake bovu. "Huyu hakufundishwa kuhesabu," alisema. Tukampa jina Mbishi.

Mwaka huu ulikuwa wa saba. Jumatano kabla ya sherehe nilishuka korongoni baada ya kazi, nikahesabu matumba kumi na tisa, mengine yameanza kuonyesha weupe kwenye ncha. Mbishi alikuwa na lake. Nilikaa kwenye majani makavu nikalia kidogo, si kwa huzuni. Nilikuwa nimekubali jambo ambalo sijawahi kulikubali maishani: kuongoza matembezi ya maua siku ya sherehe, mbele ya watu nisiowajua. Bi Verna ndiye aliyeniomba, mwezi wa Januari. "Utawaonyesha trilia zako," alisema. "Nani mwingine atazisemea?" Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni tangu siku hiyo. Nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote, kwamba maua haya yameanza safari kwenye mfuko wa mkate.

Ijumaa usiku simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Bi Verna: korongoni kuna tope baya, niwapitishe watu njia ya kaskazini, nisiwapeleke kule. Nilifikiri juu ya tope, na juu ya viatu vya watoto. Nikamjibu sawa. Halikunijia lolote jingine. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu wiki nzima.

Jumamosi upepo wa ziwani ulikuwa baridi kiasi cha watu kuvaa kofia za sufu na miwani ya jua kwa pamoja, kama ilivyo Mei huku kwetu. Dewey Stroik alikuwa amekwisha kuwasha makaa. Dewey ni fundi bomba, na kwa miaka yote ninayomjua hajawahi kunipita bila kunitania.

"Haya, Maren, nasikia leo unaongea," alisema, akigeuza soseji. "Nimemwambia mke wangu akae karibu na maji, animwagie nikizimia."

Nikamwambia nitaongea polepole.

"Polepole si tatizo. Tatizo sauti. Wewe ukiongea, hata mbu anasema hebu rudia."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka, na nikiwa bado nacheka nikapita kwenye meza ya miche.

Zilikuwa mwisho wa meza, ndani ya vyungu vya plastiki vyeusi, zimepangwa safu tatu. Trilia. Udongo wake ulikuwa mweusi na bado una vipande vya majani ya mwaloni, udongo wa korongo. Vyungu vingine vilikuwa na matumba yaliyoanza kuinama. Mbele kulikuwa na kibao, kwa penseli, kwa herufi zilizosimama wima: Trilia nyeupe. Zimekuzwa kwa mbegu na watu wetu wa kujitolea.

Hapakuwa na uongo hata neno moja kwenye kibao kile. Nilikisoma mara mbili nikiutafuta.

Mwanamke mmoja mwenye koti la mvua la manjano alikuwa anachagua kabla hata kengele haijapigwa. Aliinua chungu kimoja akakigeuza kwenye mwanga. "Tazama hii," alimwambia aliyekuwa mezani. "Ina majani manne. Si ndiyo bahati hiyo?" Akalipa, akakikumbatia kwenye kwapa lake kama anavyobeba mtu mkate. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema, samahani, huyo ana jina. Nilimpisha njia.

Bi Verna alikuwa nyuma ya banda la vifaa, anaosha sepeto kwenye bomba. Aliponiona alifunga maji. Hakusubiri niulize.

"Umeziona," alisema.

"Mbishi amenunuliwa."

Aliikausha sepeto kwenye suruali yake, upande huu, kisha ule. Akaniambia yote, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinielezea mizizi. Kamati ya bustani, ambayo yeye ni mjumbe wake, ilipiga kura kujenga njia ya lami kushuka korongoni, ili wenye viti vya magurudumu nao wafike kwenye maji yaliyo chini yake. Mashine zinaingia Jumatatu. Njia inapita juu ya mteremko wetu, hakuna pengine ambapo mwinuko unafaa; walikwisha kupima. Kamati ilisema kinachoweza kuokolewa kiende mezani, kwa faida ya bustani, na kilichobaki ndiyo basi. Yeye mwenyewe alizichimba Ijumaa asubuhi, peke yake, ili zisichimbwe na mtu asiyejua.

Niliuliza kura ilipigwa lini.

"Februari."

Nilisimama nikizipitia kichwani Jumanne zote za tangu hapo. Zilikuwa kumi na mbili, labda kumi na tatu. Meza moja, taa moja. Siku moja ya Machi nilimsomea hotuba yangu nzima, hadi kwenye mfuko wa mkate, naye alipiga makofi akaniambia nisitazame chini.

"Ulinisikiliza nikifanya mazoezi," nilisema.

"Nilikuomba Januari, mwanangu, kabla ya kura. Baadaye nikashindwa kulirudisha ombi lile. Ulikuwa na furaha."

"Uliinua mkono?"

"Niliinua." Alitazama kule jukwaani, ambako mume wake Gus alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi miguuni, anaongea na watu wa bendi. Tangu kiharusi chake hajaweza kupita pale lami inapoishia. "Gus hajashuka kule miaka minne, Maren. Tulichumbiana tukilitembelea korongo lile. Minne."

Sikuwa na la kusema dhidi ya Gus. Hata sasa sina. Anapenda kuniita profesa, na kila Krismasi hunipa soksi.

"Nisingekukataza," nikamwambia. "Ungeniambia tu. Ningezihamisha zikiwa zimelala, Machi. Zingepona."

"Ungenyamaza," alisema. "Ungekaa pale mezani ukanyamaza, machozi yakikutoka, ukaendelea kuchekecha mbegu. Nakujua. Hilo ndilo ningeshindwa kulitazama, nami ningeushusha mkono wangu. Kwa hiyo sikukuambia."

Kengele ya kwanza ikapigwa. Alinigusa bega, akachukua sepeto iliyooshwa, akaenda jukwaani. Alipoiinua juu na kusema nitaacha kila mzizi mahali nilipoukuta, nilikuwa karibu kiasi cha kuona kucha zake. Chini ya kila ukucha kulikuwa na mstari mweusi. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Watu mia moja na zaidi waliyarudia maneno yale, Gus naye, kwa mdomo wake unaovuta upande mmoja.

Saa tano watu kumi na wanne walinisubiri kwenye ubao wa ramani. Sijui kwa nini sikwenda nyumbani. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na mimi ni mtu wa namna hiyo. Hilo nalo Bi Verna alilijua. Niliwapitisha njia ya kaskazini kama nilivyoagizwa. Niliwaonyesha urujuani wa mwituni, na ua dogo jeupe ambalo shina lake likivunjika hutoa utomvu mwekundu. Nilisikia sauti yangu ikitoka, nyembamba lakini ikitoka. Yule mwanamke wa koti la manjano alikuwa mbele kabisa, kahawa mkono mmoja, Mbishi mkono mwingine. Alijitambulisha, Delphine Pelkey, amestaafu posta, ana uwanja wenye kivuli nyuma ya nyumba.

"Hii yangu niipande wapi ili isife?" aliuliza.

Nikamwambia upande wa kaskazini, chini ya miti inayopukutisha majani, kina cha kiganja, asikate shina hata likikauka. Nikamwambia pengine ua halitafunguka mwaka huu, kwa kuwa mmea umeng'olewa ukiwa na tumba, na mwakani unaweza usitoke kabisa, lakini asiuchimbe kuutafuta, asubiri.

"Umeng'olewa wapi?" alisema. "Kibao kinasema umekuzwa kwa mbegu."

"Umekuzwa kwa mbegu," nilisema.

Wote wakawa wananitazama. Nilikuwa na njia ya kaskazini mbele yangu, mita mia mbili, kisha jukwaa, kisha ningewaaga. Niligeuka nikashuka ule mteremko wa korongo, nao wakanifuata.

Hapakuwa na tope. Ardhi ilikuwa kavu, majani yanalia chini ya viatu. Kulikuwa na mashimo, yamefukiwa kwa uangalifu, kila moja na kifuniko chake cha majani, kama mtu aliyetandika vitanda kabla ya kuondoka. Katikati ya mashimo hayo kulikuwa na vigingi viwili viwili vyenye utepe wa rangi ya chungwa, kuteremka hadi kwenye maji.

Niliwaambia. Sikupaza sauti, wao ndio walisogea. Niliwaambia habari za Bibi Ottilie na mfuko wa mkate, miaka saba, matumba kumi na tisa, na mashine za Jumatatu. Kwamba njia inajengwa kwa ajili ya watu wanaoihitaji nilisema pia, kwa sababu ni kweli. Nani alichimba sikusema. Hakuna aliyeuliza, na nilishukuru.

Bi Pelkey alikuwa amechuchumaa. "Na hivi vidogo?" alisema.

Nilitazama alipoonyesha. Kando ya mashimo, kati ya vijiti vya aiskrimu vya safu mbili za mwisho, kulikuwa na jani moja, kisha jani jingine, kila moja peke yake, si kubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Kwa macho ya mnunuzi si kitu. Huwezi kuweka jani moja mezani. Miche hiyo Bi Verna aliiruka.

"Ni trilia zile zile," nilisema. "Zina miaka minne, mitano."

"Na Jumatatu?"

Nilimwonyesha vigingi. Bi Pelkey alimwaga kahawa yake kwenye majani, akatikisa kikombe cha karatasi, akanipa.

Mwanamume mmoja nyuma alikohoa. "Lakini tumeapa saa moja iliyopita," alisema, kwa upole, kama anayetafuta ruhusa.

"Nimeapa kuuacha mzizi nilioukuta mimi," alisema Bi Pelkey. "Huu sikuukuta mimi. Umekutwa na matingatinga. Lete kikombe chako."

Mimi sikuwa nimeapa. Nilipiga magoti, nikawaonyesha: usivute jani, ingiza vidole mbali kidogo, shuka mpaka uone mzizi mweupe mnene kama punje ya mahindi, uinue pamoja na udongo wake. Tulichimba kwa vijiko vya plastiki, kwa kadi ya maktaba, kwa mikono. Mtu alikimbia kwa Dewey akarudi na vikombe mrundo mzima. Dewey alikuwa ameuliza tu kama Maren ndiye anayeviomba, kisha akavitoa. Kwenye kila kikombe nilichomeka kijiti cha safu yake, na vijiti vilipokaribia kuisha nikavivunja vilivyobaki vipande viwili viwili.

Bi Verna alikuja tukiwa karibu kumaliza. Alishuka mteremko akishika miti, goti lile likimsumbua, akasimama kwenye kigingi cha kwanza. Alitazama watu kumi na wanne wakiwa wamepiga magoti na vikombe mkononi. Sijui alikuwa anatarajia kuona nini.

"Chimbeni chini zaidi," alisema. "Mzizi wake unajivuta chini kila mwaka."

"Nimeshawaambia," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Akanijia karibu ili wengine wasisikie, akasema nilikuwa na haki ya kukasirika, kwamba Jumanne tutaongea, ataleta chai.

Nilivua ufunguo wa banda la vifaa, niliouvaa kwenye kamba shingoni miaka yote hiyo. Ulikuwa umeng'aa kwa kuvaliwa. Nilipompa alikunja kiganja chake juu ya kiganja changu, akakibana, na kwa muda mfupi nilitaka kumwekea kichwa begani, kama siku ya picha. Kisha nikautoa mkono wangu.

"Wewe hukukosea," nilimwambia. "Kweli ningenyamaza."

Bi Pelkey alitaka kunirudishia Mbishi. Alisema hajui kilichotokea kati yangu na yule mama, lakini ana macho. Nilikataa. Mmea hauhamishwi mara mbili kwa juma moja, nami nilikuwa nimeshamweleza pa kuupanda. Aliondoka nao. Sikumwomba anwani, na nilijuta kabla hajafika kwenye jukwaa.

Miche ile iko nyuma ya gereji ya mama yangu, upande wa kaskazini, imekwisha kutoka vikombeni na kupandwa ardhini, thelathini na moja. Njia ya lami imekamilika; Dewey alinipitia kazini akaniambia Gus alisukumwa hadi kwenye maji siku ya kwanza kabisa, akalia, na mke wake akasimama nyuma ya kiti akitazama kando. Bi Verna ameniandikia mara tatu. Barua ya kwanza niliisoma.

Nilitaka kuvibadilisha vijiti. Nilikwishanunua vipya, na penseli ninayo. Lakini majani yote yanafanana, moja moja, na nikiving'oa vile vya zamani sitajua mche upi ni wa mwaka gani. Kwa hiyo nikienda kumwagilia ninauona ule mwandiko wa ubaoni, umesimama wima kwenye kila safu, mvua imenyesha juu yake miaka yote hiyo na haijafuta hata herufi moja.